Dawa za steroidi: mwongozo kamili wa kuzitumia, kuzifuatilia na kuziacha bila kuumia

Ukisimama kwenye duka la dawa Kondele, Kisumu, au karibu na stendi ya matatu kule Nakuru, ukalalamika kwamba goti limefura na mgongo haukubali kuinama, si ajabu ukatoka na bahasha ya kaki yenye vidonge vya aina mbili tatu visivyo na jina. Juu imeandikwa "1x3" kwa kalamu, basi. Usiku huo unalala vizuri baada ya wiki nzima ya kugaagaa. Asubuhi unapanda ngazi bila kushika ukuta, na kufikia mchana umeshamsifia mwenye duka kwa jirani. Mara nyingi sifa hizo ni za kidonge kimoja tu kati ya vile: prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi.

Sina ugomvi na dawa hizi. Wenye pumu, lupasi na baridi yabisi wengi wako hai au wanatembea kwa sababu yake. Ugomvi wangu ni na ile bahasha. Steroidi ambayo unajua jina lake, kipimo chake na siku ya kuimaliza ni tiba. Usipojua hayo matatu ni hatari, na inakuwa hatari zaidi pale inapokufaa, maana utarudi kuinunua.

Kwanza, inafanyaje kazi

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Kati ya homoni zake ni kotisoli, ambayo hutoka kwa wingi alfajiri na kupungua usiku. Hiyo ndiyo inayoshikilia presha isianguke, inayotoa sukari akibani wakati mwili umepatwa na shida, na inayotuliza kinga ya mwili isije ikapitiliza ikaanza kufurisha viungo na kuziba njia za hewa. Steroidi za hospitalini ni dawa za kiwandani zinazoiga kotisoli, nyingi zikiwa na nguvu kuliko ile ya asili. (Zile za watunisha misuli ni za ukoo mwingine kabisa, na hazimo katika mazungumzo haya.)

Mwaka 1948, daktari Philip Hench wa Mayo Clinic huko Marekani alimdunga kotisoni, homoni ya jamii hii, mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache alikuwa akitembea. Mwaka 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeusz Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobeli. Haikuchukua muda mrefu wagonjwa waliokuwa wakishangiliwa wakaanza kuvimba uso, kupata vidonda vya tumbo na kuvunjika mifupa. Kwa hiyo madhara haya si uvumi wa mitaani; yamejulikana karibu tangu siku dawa ilipopatikana.

Kumbuka kipimo kimoja: kotisoli ambayo mwili wa mtu mzima hutengeneza kwa siku inakaribia nguvu ya miligramu 5 za prednisoloni, yaani kidonge kimoja kidogo. Mgonjwa wa pumu aliyeandikiwa vidonge vinane anapata takriban mara nane ya kiasi hicho. Kwa siku tano mwili unastahimili. Kwa miezi sita hiyo ni habari nyingine. Na usidanganywe na udogo wa namba: miligramu 0.75 tu za deksamethasoni zinalingana na zile 5 za prednisoloni.

Hatua ya 1: Ijue dawa iliyo mkononi mwako

Usitoke dukani bila jina. Mwambie muuzaji akuandikie kwenye bahasha, au akuonyeshe paketi upige picha kwa simu. Majina utakayokuta kwenye vidonge na sindano ni prednisolone, dexamethasone, hydrocortisone, methylprednisolone na triamcinolone. Kwenye krimu utaona betamethasone, clobetasol, mometasone au hydrocortisone. Kwenye inhela ni beclomethasone, budesonide au fluticasone. Muuzaji akikataa kukutajia jina la dawa unayoilipia, mwachie dawa yake.

Kagua pia krimu za "tatu kwa moja". Nyingi zina dawa ya kuua fangasi, ya kuua bakteria, na steroidi kali, zote ndani ya tyubu moja. Mtoto ana choa kichwani au shingoni, anapakwa, wekundu unafifia ndani ya siku mbili na mama anafurahi. Fangasi hajafa, kinga iliyokuwa ikipigana naye ndiyo imenyamazishwa. Wiki mbili baadaye choa kimeenea na kimebadilika sura kiasi kwamba hata daktari anapata taabu kukitambua.

Halafu kuna poda na vidonge vya "dawa ya viungo ya kienyeji" vinavyouzwa ndani ya matatu na kwenye masoko. Sisemi kila mitishamba ina kitu kimefichwa. Ila mitishamba inayoondoa maumivu ya miaka mitano kwa usiku mmoja, inayokupa hamu ya kula na kukunenepesha mashavu, inafanya kile hasa ambacho deksamethasoni hufanya. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitahadharisha watu kuhusu bidhaa ya viungo iitwayo Artri King, iliyouzwa kama ya asili, baada ya kuipima na kukuta deksamethasoni na diklofenaki, dawa ya maumivu, ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona. Muuzaji wa ndani ya matatu hana hata lebo.

Hatua ya 2: Uliza ni ya nini, na ni ya siku ngapi

Kuna mahali steroidi haina mpinzani. Pumu iliyokaba ni mfano: mtu mzima huandikiwa prednisoloni miligramu 40 hadi 50 kwa siku kwa siku tano hadi saba, pamoja na inhela. Kuna lupasi, kuna watoto wanaofura mwili mzima kwa ugonjwa wa figo unaovujisha protini, kuna baridi yabisi wakati mgonjwa anasubiri dawa za muda mrefu zianze kushika. Mama anayetishiwa kuzaa kabla ya wakati hudungwa deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae. Na mwaka 2020, utafiti wa RECOVERY ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford ulionyesha kwamba miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku ziliokoa maisha ya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia, lakini hazikuwasaidia waliokuwa wakipumua wenyewe. Dawa ileile na ugonjwa uleule. Kilichotofautisha ni hali ya mgonjwa.

Sasa upande wa pili. Homa ya malaria haihitaji steroidi. Hata malaria iliyopanda kichwani haihitaji: jaribio lililofanyika Thailand na kuchapishwa mwaka 1982 lilionyesha kwamba waliopewa deksamethasoni walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu. Kwetu kando ya ziwa, ambako malaria haiondoki, jambo hili linafaa kujulikana na kila mzazi. Mafua, uchovu, mgongo wa kubeba magunia na maumivu ya kawaida ya mwili navyo si vya steroidi. Na wale wasichana wanaomeza deksamethasoni pamoja na piritoni, dawa ya mzio, ili wanenepe: unachoongeza ni maji na mafuta usoni, tumboni na mgongoni, huku misuli ya mapaja ikinyong'onyea.

Kwa hiyo uliza waziwazi: "Daktari, hii ni ya ugonjwa gani, nitameza vidonge vingapi asubuhi, na nitaacha lini?" Jibu la swali la tatu liandikwe.

Hatua ya 3: Sema yaliyo mwilini mwako kabla ya kidonge cha kwanza

Hapa ndipo wengi hunyamaza kwa haya, na hapa ndipo hatari nyingi zinapoanzia.

Kama umewahi kuugua TB, unaishi na mtu anayekohoa TB, au wewe mwenyewe unakohoa kwa wiki mbili, sema. Vijidudu vya TB vinaweza kulala mwilini miaka mingi vikizuiwa na kinga. Prednisoloni ya miligramu 15 au zaidi kwa siku kwa mwezi mzima yaweza kuviamsha. Kama tayari unameza dawa za TB, rifampisini iliyomo hupunguza nguvu ya prednisoloni, na daktari anahitaji kujua ili apange kipimo.

Wanaomeza ARV wataje majina, si kusema tu "niko kwa dawa". Ritonaviri, iliyo kwenye baadhi ya dawa za mkondo wa pili, huzuia ini kuivunja steroidi, ikajikusanya mwilini. Hata inhela ya flutikasoni au budesonidi, au sindano moja ya triamsinoloni gotini, inaweza kumletea mtu huyo madhara kana kwamba alimeza vidonge kwa miezi. Deksamethasoni nayo huweza kushusha kiwango cha baadhi ya ARV. Na aliye na saratani ya Kaposi aseme mapema, kwa kuwa steroidi inaweza kuichochea.

Selimundu (sickle cell). Eneo la Magharibi na Nyanza lina familia nyingi zenye ugonjwa huu, na maumivu yake ya mifupa hufanana na maumivu mengine machoni pa muuza dawa. Steroidi inaweza kutuliza maumivu hayo kwa siku mbili, kisha yakarudi kwa kishindo mgonjwa akaishia wodini. Pia ugonjwa huu na dawa hii vyote viwili huharibu kichwa cha mfupa wa nyonga. Mwenye selimundu asimeze steroidi kwa ushauri wa dukani hata siku moja.

Wakulima wanaolima pekupeku waulize kuhusu minyoo aina ya strongiloidi. Huingia kupitia ngozi ya mguu, hukaa tumboni miaka bila kelele, na kinga ikishushwa huzaana na kusambaa hadi kwenye mapafu kwa namna inayoua. Ikiwa utakuwa kwenye steroidi kwa muda mrefu, daktari anaweza kukupima au kukupa ivamektini mapema. Albendazoli ya mara moja, tuliyozoea kupewa shuleni, haitoshi kwa minyoo hii.

Yaliyobaki yanajulikana zaidi: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, presha ya macho, ugonjwa wa akili uliowahi kutokea, mimba, na chanjo uliyopanga kupata. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua au homa ya manjano, hazitolewi mtu akiwa kwenye kipimo kikubwa.

Hatua ya 4: Pima kabla ya kuanza

Uzito, presha, sukari. Zahanati yoyote inaweza. Ikiwa dawa ni ya zaidi ya mwezi, omba pia kupimwa macho na uulizie hali ya mifupa. Andika namba kwenye daftari la kliniki. Bila namba za mwanzo, hutajua kilicholetwa na dawa.

Hatua ya 5: Meza kwa utaratibu

Meza dozi yote ya prednisoloni mara moja asubuhi, baada ya chai na kitu cha kutafuna. Asubuhi ndipo tezi yenyewe hutoa kotisoli nyingi, hivyo unaivuruga kidogo kuliko ukimeza usiku. Tena ukimeza jioni utakodoa macho hadi jogoo awike. Ile "1x3" ya kwenye bahasha, kwa prednisoloni, mara nyingi haina sababu.

Usichanganye na diklofenaki au ibuprofeni bila ruhusa. Kila moja peke yake huchokoza tumbo, na zikiwa pamoja hatari ya kidonda kutoka damu hupanda sana. Bahati mbaya huo ndio mchanganyiko unaopendwa kwenye bahasha za maumivu. Kwa maumivu madogo, paracetamol inafaa zaidi.

Chakula: punguza chumvi, soda na sukari ya chai, maana dawa yenyewe itapandisha presha na sukari. Njaa itakuwa kali, hiyo ni dawa inasema. Mifupa inataka kalsiamu, na hapa watu wa Kisumu wana neema: omena huliwa mzima na mifupa yake. Ongeza maziwa au mala, sukuma wiki, jua la asubuhi na kutembea.

Hatua ya 6: Jua dalili za kusubiri kliniki na za kukimbia hospitali

Uso kuwa mviringo, chunusi, ngozi kuchubuka kirahisi, michirizi ya zambarau tumboni, hamaki na usingizi kukatika: peleka habari hizo kliniki, usiamue mwenyewe kuacha.

Usisubiri ukiona kinyesi cheusi kinachonata, kiu isiyoisha na mkojo wa kila saa, homa, kikohozi kipya, maumivu makali ya nyonga, macho kuona ukungu, au mtu kuanza kusikia sauti na kutaka kujidhuru. Kuhusu homa kuna mtego: steroidi huificha. Mtu anaweza kuwa na maambukizi makubwa na kipimajoto kikasema kidogo tu. Ukijisikia mgonjwa kuliko namba inavyoonyesha, amini mwili. Kama hujawahi kuugua tetekuwanga na umekaa na mwenye nayo, toa taarifa siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Usiache ghafla

Ukinywa steroidi kwa zaidi ya wiki tatu hivi, adrenali huona kotisoli imejaa damuni na hulala, kama kibarua aliyeambiwa kazi yake imeshafanywa na mwingine. Ukitupa vidonge leo, tezi haiamki kesho. Inaweza kuchukua wiki, miezi, wakati mwingine karibu mwaka. Kipindi hicho chote mwili hauna homoni ya kuubeba.

Dalili zake hudanganya: uchovu wa kushindwa kuinuka kitandani, kichefuchefu, tumbo kuuma, kizunguzungu ukisimama, viungo kuuma. Watu husema malaria au taifodi. Akiongezewa homa, ajali ya boda boda au kuharisha, presha huanguka na mtu anaweza kufa huku kila mmoja akitafuta ugonjwa mwingine.

Dozi hupunguzwa kwa ngazi. Kutoka juu inaweza kushuka haraka, lakini ikikaribia miligramu 7 au 5 mwendo unakuwa wa kobe, kwa sababu hapo ndipo tezi inaombwa iamke. Ratiba iandikwe na anayekutibu. Kozi fupi ya siku tano au saba kwa kawaida husimamishwa bila ngazi, isipokuwa kama umekuwa ukizirudia mara kwa mara. Kozi nyingi fupi zinaweza kuilaza tezi vilevile.

Ukiwa kwenye steroidi za muda mrefu ukapata homa, daktari huelekeza kuongeza dozi, mara nyingi maradufu, kwa siku za ugonjwa. Uliza maelekezo hayo ukiwa mzima. Ukitapika vidonge, usikae nyumbani ukijaribu tena na tena: nenda hospitali na useme, "Natumia prednisoloni ya muda mrefu na siwezi kuimeza, nahitaji haidrokotisoni ya sindano." Kwa mtu mzima kipimo cha kwanza cha dharura ni miligramu 100. Weka sentensi hiyo kwenye karatasi nyuma ya kitambulisho; siku yenyewe huenda usiweze kuongea.

Inhela, krimu, matone na sindano

Inhela ya steroidi inatupiwa lawama isizostahili. Dawa inaingia kifuani kwa kiasi kidogo, na mwenye pumu akiitumia kila siku anaepuka vidonge. Kinachotakiwa ni kusukutua mdomo na kutema kila baada ya kuvuta, usije ukaota utando mweupe. Vuta dawa kupitia chupa maalumu ya inhela (spacer). Isipopatikana, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela inafanya kazi vizuri kwa watoto. Nakuru, vumbi na baridi vinapokutana, usiiache kwa kuwa umeshinda mwezi bila kubanwa. Hujabanwa kwa sababu unaivuta.

Krimu nazo zina vipimo. Mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kwenye kiungo cha kwanza unatosha ngozi ya ukubwa wa viganja viwili vya mtu mzima. Klobetasoli isizidi wiki mbili mfululizo, na haipakwi usoni, kwapani wala kwenye nepi. Kuhusu kujichubua: baadhi ya krimu za weupe zina klobetasoli ndani. Ngozi hukonda, mishipa huonekana, chunusi hujaa, na ukiacha uso huwaka moto na kuwa mwekundu, hivyo unarudi kupaka. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, haliruhusu homoni, zebaki wala haidrokwinoni kwenye vipodozi, lakini nenda soko la Kibuye, Kisumu, uone.

Matone ya macho ndiyo yananiudhi zaidi. Watoto wengi huku wana mzio wa macho, wanajikuna kutwa, na mzazi hununua chupa ileile ya deksamethasoni mwaka mzima kwa sababu inatuliza haraka. Presha ya macho hupanda kimyakimya, na mtoto wa jicho huweza kuingia. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi. Matone haya yatoke kwa mtu aliyekagua jicho kwa kifaa, na presha ipimwe.

Sindano ya gotini au begani ina faida kwa wiki kadhaa. Kiungo kimoja kisidungwe zaidi ya mara tatu au nne kwa mwaka, na kisidungwe kamwe kikiwa na maambukizi. Mwenye kisukari apime sukari mara kwa mara wiki ya kwanza.

Kama tayari umekuwa ukitumia bila kujua

Usitupe chochote na usipunguze mwenyewe. Kusanya bahasha, poda, tyubu na chupa zote, andika umetumia tangu lini, uende nazo hospitali: Jaramogi, ambayo wengi bado huiita Russia, kwa walio Kisumu, ya rufaa ya kaunti, ile PGH ya zamani, kwa walio Nakuru, au hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu. Kama ni poda isiyo na jina, sema "huenda ina steroidi". Daktari anaweza kukuandikia prednisoloni ya kipimo kinachojulikana ili ashuke nawe pole pole, na kupima kotisoli ya asubuhi kabla ya kukuachisha kabisa. Dawa yenyewe, ukiishuku, inaweza kuripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Na kwa mwaka mzima baada ya kidonge cha mwisho, kila atakayekupasua, kukung'oa jino kwa ganzi kubwa au kukuzalisha aambiwe kwamba ulikuwa kwenye steroidi, ili haidrokotisoni iwe karibu.